Leseni ya uuguzi Marekani: lisome swali mara tatu kabla ya kulijibu

Waliowahi kutibiwa uraibu wakifika kwenye fomu ya leseni ya uuguzi, wengi hujiponza kwa moja ya njia mbili. Kuna anayeficha kila kitu, na kuna anayejimwaga kurasa nne tangu utotoni kana kwamba yuko kwenye kikao cha soba. Nani kamwomba?

Kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi na fomu yake. Fomu moja huuliza kama umewahi kutibiwa, nyingine huweka kikomo cha miaka, nyingine hutaka kujua tu kama kwa sasa una hali inayokuzuia kufanya kazi kwa usalama. Aliyemaliza matibabu miaka minane iliyopita anaweza kujibu "ndiyo" jimbo moja na "hapana" jimbo jirani, na kote akawa amesema kweli. Mimi ningeyafuta maswali ya "umewahi": hayamlindi mgonjwa aliyelazwa leo, na humfunza mwanafunzi wa uuguzi kwamba heri asitibiwe. Lakini maadamu swali lipo, lijibu lilivyo, usilipunguze wala kulinenepesha.

Usichanganye matibabu na mashtaka. Kumbukumbu za tiba ya uraibu zinalindwa na sheria ya shirikisho na kwa kawaida hazitolewi bila idhini yako ya maandishi. Kesi ya kuendesha gari ukiwa umelewa haina pazia hilo. Alama za vidole hupelekwa FBI, na hata kesi iliyofutwa yaweza kuibuka. Bodi ikiikuta kesi ambayo hukuitaja, huacha kuzungumzia pombe na kuanza kuzungumzia uongo uliotiwa sahihi, ambao peke yake unatosha kukunyima leseni au kukunyang'anya baadaye. Adhabu hizo waajiri huziona kwenye Nursys, hifadhidata ya leseni za wauguzi.

Ukijibu ndiyo, barua yako iwe ya ukurasa mmoja: ulitumia nini, matibabu yalianza na kuisha lini, mara ya mwisho kutumia ni lini, na sasa unafanya nini ili usirudi. Ambatisha muhtasari wa kituo wa siku ulipohitimisha matibabu, hati za mahakama zenye muhuri kama kulikuwa na kesi, na barua ya daktari au mshauri. Barua hii ndiyo hukwamisha wengi. "Anaendelea vizuri" haitoshi. Iseme wazi kwamba unaweza kuuguza wagonjwa kwa usalama. Tarehe zako zisigongane na za kituo. Na vituo hufungwa, kwa hiyo zitafute kumbukumbu miezi kadhaa kabla ya NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi. Texas humruhusu mwanafunzi kuomba uamuzi wa bodi hata kabla hajamaliza chuo. Itumie nafasi hiyo.

Bodi yaweza kukupa leseni kwa masharti ya mpango wa ufuatiliaji. Wa Florida upo tangu 1983. Mikataba hii mara nyingi ni ya miaka 3 hadi 5. Kila siku unaangalia kama umeitwa kupimwa mkojo, na kwa muda huruhusiwi kushika funguo za kabati la dawa za hospitali zinazoweza kuleta uraibu. Kipimo cha EtG hunasa alama za pombe ya siku kadhaa nyuma, na dawa ya kusukutua kinywa yenye alkoholi yaweza kukutia matatani. Mkataba huo pia hukuzuia kupata leseni ya pamoja ya majimbo kadhaa. Usiutie sahihi kabla wakili wa masuala ya leseni hajausoma.

Anayetumia buprenofini au methadoni, dawa za kutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, kwa maagizo ya daktari asikubali haraka kuambiwa aache. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliona kwamba bodi ya wauguzi ya Indiana ilivunja sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 kwa kuwazuia wauguzi wanaotumia dawa hizo kujiunga na mpango wa kuwasaidia wauguzi wenye uraibu. Sharti la namna hiyo likija kwa maandishi, limfikie wakili kwanza, kabla hujaruka hata dozi moja.