Kabla ya breki kubwa, mwaga mafuta ya breki

Ukitoka Iringa kuja Dar es Salaam, ukishaipita Ilula barabara inaanza kukuambia kwamba huko mbele unashuka. Ukifika Kitonga hakuna mjadala tena: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, malori yanatambaa kwa gia nzito, na harufu ya breki zilizoungua inaingia ndani ya gari hata kama umefunga vioo.

Mara ya kwanza kuishuka Kitonga na Subaru Impreza yangu tulikuwa watu wanne na mizigo. Nilikuwa gia ya nne nyuma ya lori, nikigusa breki kila kona. Katikati ya mteremko pedali ikazama. Haikugusa sakafu, lakini ilipita nusu na ikawa laini kama nakanyaga sifongo. Nikapampu mara mbili, mara tatu, ikapanda kidogo. Nikashusha gia mpaka ya pili, injini ikalia, gari likatulia. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Ruaha Mbuyuni. Akashuka, akanunua vitunguu, akarudi kukaa, ndipo akauliza: "Hivi hili gari lina breki?"

Swali hilo limenikaa miaka yote hii, na ndilo linalonifanya niandike. Kila wiki namwona mwenye gari la kasi la zamani, awe na Subaru, Mitsubishi Evo au Nissan Skyline, anatafuta breki kubwa kwa sababu pedali yake ilimfanyia kama yangu ilivyonifanyia. Naamini wengi wao wanatibu ugonjwa wasiokuwa nao. Magari haya yanastahili breki nzuri, tena kuliko magari mengine yote barabarani. Ila ukubwa wa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ni jambo la kufikiriwa mwisho, baada ya mengine yote kuwa sawa.

Gari langu ni Impreza Turbo ya mwaka 1997 iliyotokea Uingereza, nguvu farasi 208 ilipotoka kiwandani. Mbele ilikuja na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni mbili na diski za milimita 277. Niliporudi Dar nilikuwa nimeshaamua kununua Brembo za STI, breki kubwa za Impreza ya kasi zaidi, zile za rangi ya dhahabu. Nikampelekea gari fundi wangu wa Ilala, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona umekuja na mawazo mengi."

Nikamweleza. Akafungua boneti, akafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kipande cha kitambaa cheupe na kunionyesha. Kilitoka na rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea. "Kijana wangu, haya yana miaka mingapi humu?" Sikuwa na jibu. Gari nilikuwa nalo miaka mitatu na sikuwahi kuyabadilisha hata mara moja.

Ukitaka kuelewa breki, anza na joto. Kazi ya breki ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto na kulitupa hewani. Gari langu likiwa na watu lina kama kilo 1,400. Kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, diski zinameza kiasi cha kilojuli 540. Kutoka kilomita 140 zinameza zaidi ya kilojuli 1,050, karibu mara mbili, ingawa mwendo haujaongezeka hata kwa nusu. Mteremko nao una hesabu yake. Kila mita 100 unazoshuka kwenda chini, gari la uzito huo linakuletea joto linalolingana na kusimama mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Injini ikisaidia kushikilia gari, sehemu kubwa ya mzigo huo inaishia kwenye injini. Ukikaa gia ya nne kama nilivyokaa mimi, karibu mzigo wote unaziangukia diski na pedi.

Joto hilo linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta. Na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, yanaunyonya hata kupitia mipira ya breki. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji kwa kiwango cha kipimo, asilimia 3.7, inaruhusiwa kuchemka kuanzia nyuzi 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke ndani ya bomba. Mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki, kwa hiyo mguu wako unabinya mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo sifongo niliyoikanyaga Kitonga. Sasa fikiria gari linalolala Dar, Tanga au Mombasa, kwenye unyevu wa pwani usiku na mchana.

Hapa nina ugomvi na gereji zetu. Mara ngapi umeona kopo la mafuta ya breki kwenye rafu, limefunguliwa tangu mwaka jana, mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni na mpira wa madaftari? Hayo yamekufa kabla hayajaingia kwenye gari lako. Nunua kopo lenye muhuri, lifunguliwe mbele ya macho yako, na kitakachobaki kimwagwe. DOT 4 inatosha, DOT 5.1 ni nzuri zaidi. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, wala usiichanganye na hayo mengine.

Tulimwaga mafuta yote siku ile, tukatoa upepo magurudumu yote manne, tukaanza na la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, na kumalizia na la karibu. Yale yaliyotoka kwenye kalipa za nyuma yalikuwa meusi. Mzee akakagua pia pini ambazo kalipa za mbele zinateleza juu yake: moja ilikuwa imekwama kwa kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa inafanya kazi peke yake na ile ya nje inasindikiza. Pini ikasafishwa, ikapakwa grisi ya joto. Tukaweka pedi nzuri na mipira mipya, maana ile ya zamani ilikuwa inavimba ukikanyaga. Gari likawa jingine. Na kalipa zilikuwa zile zile.

Tairi nazo zimesahaulika sana. Breki inakamata diski, lakini anayekamata barabara ni tairi. Kama breki zako zinaweza kufunga magurudumu ukiwa kilomita 80 kwa saa, basi nguvu zinayo ya kutosha, na diski kubwa ya milimita 326 haitakupunguzia hata hatua moja ya kusimama. Itakachokupa ni uwezo wa kusimama mara ya kumi kama ulivyosimama mara ya kwanza, kwa sababu ina chuma kingi cha kubeba joto. Hilo ni jambo la maana sana kama unashuka milima kila wiki au unaendesha kwenye mashindano. Kama safari zako ni Mbezi kwenda Posta, weka hela hiyo kwenye tairi nne nzuri, zote za aina moja. Naona magari ya nguvu farasi 250 yamevaa tairi za mtumba zenye miaka minane na kalipa nyekundu zinazong'aa. Inanisikitisha, kwa sababu mwenyewe anaamini yuko salama.

Hata hivyo, mwaka uliofuata nilibadilisha breki, tena sijutii.

Nilichukua kalipa za pistoni nne, zile Subaru walizoziweka kwenye Impreza Turbo za miaka ya baadaye, pamoja na diski zake za milimita 294. Zinafunga kwenye habu ile ile bila kutengeneza kitu. Kihesabu, ongezeko la diski ni asilimia 6 tu, na unene ni ule ule, milimita 24. Kikubwa unachokipata ni kalipa isiyotembea kwenye pini, inayobana diski kutoka pande zote mbili, na pedi pana zaidi. Pedali ikawa ngumu, inajibu mapema, naweza kuipima kwa vidole vya mguu. Nilizikuta za mtumba, zimetoka Uingereza, ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo sikuzifunga kama zilivyokuja. Mzee aliweka kipande cha mbao katikati ya kalipa, akapuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la mafuta, pistoni zikatoka moja moja na kugonga mbao. Mbili zilikuwa na vishimo vya kutu, ukipitisha ukucha unavisikia. Tukatafuta nyingine na kuweka sili mpya zote. Ukinunua kalipa ya mtumba na kuifunga bila kuifungua, umenunua bahati nasibu.

Kabla ya kununua nilichora umbo la kalipa kwenye boksi gumu, nikalikata, nikalijaribisha ndani ya rimu zangu za inchi 16. Ziliingia. Brembo zinahitaji rimu za inchi 17, na hapo mambo yanaanza kuvutana. Rimu kubwa inataka tairi yenye ubavu mfupi, na ubavu mfupi kwenye mashimo yetu maana yake ni rimu zilizopinda na tairi zenye matezi. Hata magari ya mashindano ya dunia yanapokuja Naivasha kwenye Safari Rally yanavaa rimu za inchi 15 na diski za milimita 300. Za milimita 370 wanaziweka kwenye lami, na rimu za inchi 18. Wale watu wana uwezo wa kununua breki yoyote iliyopo duniani, na kwenye vumbi na mawe wanafunga ndogo.

Jambo ninaloliona likipuuzwa zaidi ni uwiano wa mbele na nyuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito unahamia mbele. Kwenye Impreza, yenye milimita 2,520 kati ya ekseli, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wote inaondoka nyuma na kwenda mbele. Waliolitengeneza walipiga hesabu za pistoni za mbele na za nyuma kwa kuzingatia hilo. Ukiweka kalipa kubwa mbele na kuacha nyuma kama palivyokuwa, ya mbele inafunga mapema na ya nyuma haifanyi kazi yake yote, na unaweza kujikuta unasimama mbali zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana nyuma nami nilihama kutoka diski za milimita 266 zisizo na matundu ya hewa kwenda 290 zenye matundu na kalipa za pistoni mbili. Nilitoa seti nzima kutoka gari moja, na pedi za mbele na nyuma ni za aina moja.

Masta silinda nayo ina neno lake. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi ili zisogee, kwa hiyo pedali inashuka zaidi kabla ya kubana. Ukiweka masta silinda kubwa, pedali inapanda, ila mguu unafanya kazi zaidi. Yangu niliiacha na inanitosha.

Kwa anayeng'ang'ania Brembo za STI, kuna mitego miwili ambayo muuzaji hatakwambia. Diski za STI za mpaka 2004 zina matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 100, kama za gari langu. Kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3, hazikai. Na nyuma, hendibreki ya Subaru ni ngoma ndogo ndani ya diski: kwenye gari kama langu ni milimita 170, kwenye STI zenye Brembo ni 190. Ukifunga diski ya STI, breki shuu zako zinaelea ndani bila kugusa. Nimeona gari zuri limeegeshwa kwenye kilima na jiwe chini ya tairi kwa sababu hiyo.

Pedi za bandia nazo zipo. Niliwahi kununua seti kwenye duka moja mjini, boksi zuri, muhuri upo. Wiki mbili baadaye nikasikia chuma kinasaga chuma: kitambaa cha pedi kilikuwa kimebanduka chote kwenye bati lake, kimedondoka huko barabarani. Tangu hapo nalinganisha maandishi ya nyuma ya pedi na ya kwenye boksi, na naingiza ukucha kwenye maungio. Pedi mpya pia zinataka kuzoeshwa. Mara nane au kumi punguza mwendo kutoka kilomita 90 mpaka 30 bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe.

Juzi rafiki yangu mwenye Subaru Forester ya turbo alinipigia akiwa Morogoro. Pedali yake ilizama akishuka Kitonga, na amepata Brembo kwa mtu, anataka nimsaidie kukagua. Nimemwomba asilipe kitu kwanza. Jumamosi anakuja na gari, tunakwenda Ilala kwa mzee na kopo jipya la DOT 4, na nimebeba kitambaa cheupe.