Haipo Ipo Bafuni

Karatasi ya maelekezo, iliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kulala Temeke mwezi wa Februari, inasema kwamba filamu ya FP4 Plus, ya picha nyeusi na nyeupe, ikisafishwa kwa dawa ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchukua dakika 11, ilimradi dawa iwe na nyuzi 20. Maji ya pipani kwangu leo yalikuwa na nyuzi 29. Nimetoka kutafuta barafu, nikaambiwa zipo, za ukwaju na za ubuyu, nichague. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipokwenda kuupiga picha mwamba wa Half Dome kule Yosemite, Marekani, mwaka 1927 alikanyaga theluji bure, nami nimezunguka majokofu ya mtaa mzima ndipo nikapata mifuko miwili ya barafu ya maji.

Filamu zenyewe ni vipande vinne vya inchi 4 kwa 5, na kila kimoja kimebeba nyika ya Mazinde kama inavyoonekana kutoka Irente, juu kule Usambara. Konda wa gari la kutoka Mombo aliitazama stendi yangu ya kamera, akaihesabu miguu mitatu, akanitoza nauli ya abiria wa pili.

Nyumba yetu ina wapangaji sita na bafu moja la uani, ambalo ndilo choo. Kwa kuwa filamu hizi huona rangi zote, hata taa nyekundu haifai, basi nilingoja saa tatu usiku, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikazima taa. Nilipapasa pembe ya kila kipande kwa kidole kutafuta vile vipengo vinavyoonyesha upande wenye dawa, nikavizamisha, nikaanza kuvichomoa cha chini na kukiweka juu, kama mtu anayechanga karata ndani ya beseni. Nikasikia hodi.

“Nani humo?” Alikuwa mama mwenye nyumba.

“Shikamoo mama. Ni mimi, Baba Neema. Naomba dakika chache.”

“Marahaba. Unaoga gizani? Taa imeungua?”

“Haijaungua, mama, nimeizima. Nasafisha picha.”

Akanyamaza kidogo. “Baba Neema, umejifungia, umezima taa, humo mnanuka siki, na nasikia unahesabu.”

Ni kweli nilikuwa nahesabu, na siki ni ya beseni la pili, la kuizuia dawa ya kwanza isiendelee na kazi. Nikamweleza hayo kwa heshima zote. Akauliza nimebakiza nini. Nami, kwa ukweli ambao sasa naujutia, nikajibu, “Nimebakiza siki na haipo tu.”

Haipo ni dawa ya mwisho, ile inayoifanya filamu isiuogope mwanga tena. Kuinunua kwenyewe ni mtihani, maana ukimwuliza muuzaji kama haipo ipo, hujibu “haipo,” nawe hujui umekubaliwa au umenyimwa.

“Haipo nini?”

“Haipo, mama. Ipo hapa kwenye beseni.”

“Ipo au haipo?”

“Haipo ipo.”

“Mimi mzee, lakini Kiswahili nakijua! Kitu kisichokuwepo kinamzuiaje mtu kwenda haja? Toka!”

Nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa na heshima hata chembe, kwamba asubiri. Hakusubiri. Alimwita mjukuu wake, na mjukuu akamulika tochi ya simu chini ya mlango ili waone ninachozika humo ndani. Wakati huo vipande viwili vilikuwa vimekwisha kukaa kwenye haipo, na viwili nilikuwa navitoa kwenye dawa ya kwanza, havijagusa siki. Hivyo viwili vimeingia ukungu, na si ule ukungu wa Usambara nilioamka saa kumi na moja alfajiri kuufuata.

Vilivyosalimika nimevianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Mama amekuja kuvitazama, akauliza mbona mbingu ni nyeusi na kwa nini nimesafiri siku nzima kupiga picha mahali pasipo na mtu hata mmoja. Kisha akanikumbusha kwamba maji ya kusuuzia yanahesabiwa kwenye mita yake, akaketi kwenye kibao, akajifunga vizuri kilemba, na kuniambia nimpige pasipoti saizi nne, za rangi, zenye mandhari ya bluu, azikute tayari asubuhi.