Komenti Inasema Mbili, Msimbo Unasubiri Tano

Chukua fanksheni moja ndogo, yaani kipande cha programu chenye kazi moja. Juu yake kuna komenti, maelezo ya kusomwa na watu ambayo kompyuta huyaruka: "Subiri sekunde 2 kabla ya kujaribu tena." Chini yake msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, unasubiri sekunde 5. Zamani mtu aliibadilisha namba hiyo baada ya seva ya upande wa pili kulemewa, komenti akaiacha kama ilivyokuwa. Binadamu akipita hapo atakunja uso, atamuuliza mwenzake, au ataipuuza tu, maana alishazoea kwamba komenti husema uongo. Msaidizi wa akili mnemba anayeandika msimbo anaweza kufanya jambo jingine: "kuurekebisha" msimbo ulingane na maelezo, kisha akaripoti kwa adabu kwamba ameondoa hitilafu.

Hapo ndipo mjadala wa nyaraka, yaani maelezo yanayoandikwa kuhusu programu, ulipobadilika sura. Zamani tulibishana kama kuna anayesoma tunachoandika. Sasa yupo msomaji asiyechoka, na akishasoma anatenda. Watu wamegawanyika juu ya namna ya kumlisha.

Kambi ya kwanza inasema: andika zaidi. Hoja yao ina uzito. Msaidizi hakumbuki ya jana isipokuwa yamewekwa mahali atakapoyakuta. Kila kikao anakianza kama kibarua wa siku ya kwanza. Asipoambiwa majaribio yanaendeshwa kwa amri gani, au saraka (folda) ipi imetengenezwa na mashine na haifai kuguswa kwa mkono, ataotea. Ndiyo maana mafaili kama CLAUDE.md na AGENTS.md yalienea mwaka 2025, yakikaa ndani ya mradi kama maelekezo ya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kinachochekesha ni kwamba timu ambazo hazikuwahi kumwandikia mfanyakazi mpya ukurasa mmoja, leo zinaiandikia mashine kurasa kumi. (Mfanyakazi mpya naye anafaidika, ingawa hakukusudiwa.)

Kambi ya pili inasema: futa. Msaidizi anausoma msimbo wenyewe, tena haraka kuliko sisi. Ya nini kumwandikia kwamba fanksheni iitwayo "jumlisha_bei" inajumlisha bei? Maelezo yanayorudia msimbo ni nakala ya pili ya jambo lile lile, na nakala mbili zisizo na wa kuzilinganisha huachana. Isitoshe, kila kinachopakiwa kinakula nafasi ile ile ambamo msaidizi anapaswa kuuweka msimbo anaoushughulikia. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa modeli za wakati ule (injini za wasaidizi hawa) zilitumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni au mwishoni mwa matini ndefu, na ya katikati ikazipita. Modeli zimeboreka tangu hapo, lakini faili la maelekezo la mistari 500 bado ni njia nzuri ya kulificha agizo muhimu.

Wa kambi hii hupenda kuinukuu Ilani ya Agile ya 2001, tamko la waandaaji programu juu ya namna ya kufanya kazi, iliyoipa programu inayofanya kazi uzito kuliko nyaraka pana. Wengi huishia hapo. Ilani yenyewe inakiri kwamba vitu ilivyovipa uzito mdogo, nyaraka zikiwemo, navyo vina thamani.

Mimi nasafiri na kambi ya pili hadi nusu ya njia. Kinachosomeka kwenye msimbo kifutwe kwenye nyaraka, bila huruma. Lakini ipo habari ambayo haimo kwenye msimbo hata uusome mara mia. Tuseme programu inakagua mara mbili kama ujumbe wa malipo umeshapokelewa. Kwa macho ukaguzi wa pili ni ziada, na msaidizi aliyeombwa "kusafisha" ataufyeka. Kumbe uliwekwa kwa sababu mfumo unaotuma ujumbe huo huutuma tena usipojibiwa upesi, na nakala mbili zikifika kwa pamoja zote hupenya ukaguzi wa kwanza. Mstari mmoja wa komenti unaotaja sababu hiyo ungeuokoa. Hakuna modeli itakayoichimbua kutoka kwenye msimbo, kwa kuwa haikuwahi kuwamo.

Kwa maamuzi makubwa kuna njia iliyopendekezwa na mwandaaji programu Michael Nygard mwaka 2011: rekodi fupi ya uamuzi, inayosema hali ilikuwaje, tuliamua nini, na matokeo yake ni yapi. Uzuri wake ni kwamba haidai kuueleza msimbo wa leo, kwa hiyo haichakai kwa namna ile ile. Uamuzi ukitenguliwa, unaandika mpya na kuutia alama wa zamani. Alama hiyo ikae juu kabisa, la sivyo msaidizi anayetafuta kwa maneno ataangukia uamuzi uliokufa na kuutii.

Kinachoweza kukaguliwa na mashine kikaguliwe. Lugha ya programu ya Python imekuwa na zana iitwayo doctest tangu 2001: mifano iliyo ndani ya maelezo inaendeshwa kama majaribio, na mfano ukidanganya, jaribio linaanguka. Rust, lugha nyingine ya programu, nayo huiendesha mifano ya nyaraka pamoja na majaribio mengine. Zile sekunde 5 zingepewa jina na jaribio lake, komenti isingehitaji kuitaja namba hata kidogo.

Basi tumwachie msaidizi mwenyewe aandike? Kwa sehemu, ndiyo. Kazi ambayo sisi huikimbia, ya kurudi kusahihisha maelezo baada ya kugusa msimbo, yeye haimkeri. Ukimtaka aisasishe komenti ndani ya badiliko lile lile, anaisasisha. Tatizo ni kwamba huandika kupita kiasi. Mwombe README, faili la kuutambulisha mradi, utapata vichwa vya habari kumi na viwili na aya zinazousifu mradi. Na akiulizwa kwa nini jambo liko hivyo, hujibu kwa uhakika ule ule iwe anajua au anaotea. "Kwa ajili ya ufanisi" ni jibu linaloweza kubandikwa popote. Ukilipitisha bila kulikagua, kesho atalisoma kama ushahidi.

Mwaka 1985 mwanasayansi wa kompyuta Peter Naur alidai kwamba programu hasa ni ufahamu ulio vichwani mwa walioijenga, na kwamba maandishi hayawezi kuubeba wote. Alikuwa akizungumzia watu walioandika msimbo wao wenyewe. Leo fanksheni nyingi huzaliwa kwenye mazungumzo: mtu anaomba, msaidizi anaandika, mtu anakubali, dirisha linafungwa. Sababu ilitajwa katika mazungumzo hayo, pengine kwa sentensi moja, na kinachobaki kwenye Git, kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, ni ujumbe usemao "boresha ukaguzi wa malipo."