Kaunta ya soksi katika riwaya ya Brooklyn
Riwaya za wahamiaji wa Ayalandi husifiwa sana kwa majonzi yake: mama aliyebaki peke yake, barua zinazochelewa, msiba unaotokea ukiwa ng'ambo ya bahari. Majonzi hayo ni ya kweli na hunigusa. Lakini naona sisi wasomaji tunayashika mno hayo, tukaacha swali gumu zaidi: mhamiaji huyu alifundishwa nini huko ugenini hata akahesabiwa kuwa mwenyeji?

Ichukue Brooklyn, riwaya ya mwandishi wa Ayalandi Colm Tóibín, iliyotoka mwaka 2009 na kupewa jina la sehemu ya jiji la New York. Eilis Lacey ni binti wa Enniscorthy, mji mdogo katika kaunti ya Wexford, Ayalandi, miaka ya mwanzo ya 1950. Kazi ya maana kwao haipo. Padri anamfanyia mipango Marekani, naye anavuka bahari, anapanga chumba kwa mama mmoja wa Kiayalandi, mchana anauza katika duka la Bartocci, usiku anasomea utunzaji wa hesabu. Wengi wanakikumbuka chakula cha Krismasi katika ukumbi wa parokia, wazee wa Kiayalandi waliochimba mahandaki na kujenga madaraja ya nchi hiyo wakila kwa hisani ya kanisa, na mmoja wao akiimba kwa lugha ya kwao. Ni ukurasa mzuri mno.

Mimi hurudi kwingine. Duka linaamua kuwauzia wanawake weusi soksi za nailoni zinazolingana na rangi ya ngozi zao, na Eilis ni mmoja wa wanaowekwa kwenye kaunta hiyo. Wanawake wawili wanaingia, wamependeza kwa mavazi. Duka zima linanyamaza. Macho yote kwao. Eilis anawahudumia kwa adabu, huku akijua kwamba na yeye anatazamwa. Nyumbani, wapangaji wenzake wanaipokea habari hiyo kwa chuki. Hakuna hotuba hapo, wala mwandishi hatushiki mkono. Lakini msichana aliyeshuka melini juzi tu ameshaonyeshwa nchi hii imepangwaje, na yeye mwenyewe amepewa upande gani.

Hilo lina historia. Waayalandi walioikimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 walidharauliwa Marekani kwa umaskini wao na Ukatoliki wao. Julai 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika ghasia za New York za kupinga kuandikishwa jeshini, wengi wa waliofanya fujo walikuwa Waayalandi maskini. Watu weusi waliuawa na nyumba ya yatima weusi ikachomwa moto. Waliokuwa wakitwezwa walipata njia ya kupanda, na njia hiyo ilipita juu ya migongo ya wengine.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwandishi mzaliwa wa Ayalandi, Mary Anne Sadlier, alichapisha riwaya ya Bessy Conway, habari za mfanyakazi wa ndani anayeishika dini, anaweka akiba, kisha anarudi Ayalandi na kuwakuta wazazi wake wakitolewa nyumbani kwa deni la kodi. Analipa yeye. Naiheshimu sana nia ya kitabu hicho. Wasichana wale walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba jasho lao lina heshima. Ila kwa Sadlier hatari kuu ya Marekani ni binti kupoteza imani yake. Tóibín ameona hatari nyingine, ya kupewa nafasi na kuipokea bila kuuliza nani amesogezwa pembeni.

Msomaji wa Kiswahili mwenye ndugu Muscat au Minnesota ataelewa haraka. Kabla hujapata karatasi za uraia, umeshajua pale mtaani nani anaogopwa, na nani hualikwi kukaa naye.

Ndiyo maana nina lalamiko moja kwa Tóibín. Baada ya kaunta ile hadithi inageukia mapenzi ya Eilis na Tony, fundi bomba mwenye asili ya Italia, na wale wanawake wawili tunawaacha. Ningempa kurasa hamsini zaidi ili Eilis akutane nao tena, safari hii nje ya duka, bila kaunta katikati yao.