Mwacheni Msomaji Azame

Juma lililopita mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alinionyesha daftari ambalo linanikera hadi leo. Mwalimu wake wa Kiingereza amewaagiza kwamba, wanaposoma hadithi, kila neno wasilolijua liandikwe katika safu ya kwanza, maana yake katika safu ya pili na sentensi ya mfano katika safu ya tatu, ndipo wafunue ukurasa unaofuata. Kitabu chenyewe ni cha upelelezi: kuna mwizi, mlinzi aliyesinzia na funguo zisizoonekana. Nilipomuuliza binti ni nani aliyeiba, hakujua. Ila neno "reluctantly" alinitajia herufi zake zote bila kukosea. Hongera nyingi kwa shule.

Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, kemia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Huyo haponi kwa kuongezewa orodha ya maneno. Anahitaji kukutana na maneno yaleyale mara nyingi, huku ana hamu ya kujua kitakachotokea, na riwaya ya mtumba inayouzwa kandokando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam, inampa yote mawili. Neno lililompita katika ukurasa wa 5 atalikuta katika ukurasa wa 9 likisemwa na mhusika mwenye hasira, na akifika ukurasa wa 30 atakuwa ameshalizoea asijue amelizoea lini. Ila ni lazima aachwe asome mfululizo. Anayesimamishwa kila mstari hazami, anaishia kulowa miguu.

Mimi niliisoma Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiingereza, miaka mingi kabla Ida Hadjivayanis hajaitafsiri kwa jina la Peponi. Zipo sentensi nilizoambulia nusu tu, lakini sikuweza kumwacha Yusuf, mtoto anayetolewa kwa ajili ya deni la baba yake, na nilipoinua macho daladala ilikuwa imeshaipita Ubungo na konda ananiuliza kama nilikuwa nimelala.

Kamusi iwepo, sikatai, maana insha ya mtihani haiandikwi kwa kubahatisha. Neno likijirudia na bado linaficha nani kamfanyia nani nini, basi lifunguliwe. Na wanaodai kwamba kuzama katika kitabu cha Kiingereza ni kukitupa Kiswahili, waje wamwone binti huyuhuyu jikoni na riwaya ya Kiswahili mkononi, maharage yanaungua mbele yake.

Ninachomwomba mwalimu ni kipindi kimoja tu kwa wiki: kila mwanafunzi na kitabu alichokichagua mwenyewe, madaftari yakiwa ndani ya mikoba, na yeye mwalimu ameketi mbele anasoma chake.