Matoleo ya Kale ya Warhammer 40,000: Kinachotamaniwa ni Kanuni au ni Mamlaka ya Mchezaji?

Mwaka 2017, kampuni ya Games Workshop yenye makao yake Nottingham, Uingereza, ilipotoa toleo la nane la mchezo wa Warhammer 40,000, wachezaji wa siku nyingi waliyaona mambo mawili waliyoyajua vizuri. Kila aina ya askari ilirudishiwa mwendo wake, na silaha kali ikawa tena inapunguza uwezo wa deraya wa kumwokoa anayeivaa. Yote mawili yalikuwamo katika toleo la pili la mwaka 1993, yakaondolewa katika toleo la tatu la mwaka 1998, na kwa miaka 19 waliokuwa wakiyataja waliambiwa mara kwa mara kwamba wanaulilia ujana wao tu. Kurudi kwake kulionyesha kwamba hamu ya kale yaweza kubeba hoja ya kweli. Hata hivyo hakukuonyesha kwamba matoleo ya kale yalikuwa bora, na hapo ndipo mjadala huu unapostahili kuchukuliwa taratibu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, wachezaji hukutana mezani, kila mmoja akiwa na jeshi la sanamu ndogo za plastiki au za madini, ambazo kwa kawaida ameziunganisha na kuzipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Mwendo na masafa ya risasi hupimwa kwa inchi, na matokeo huamuliwa kwa dadu. Masimulizi yake ni ya milenia ya 41, zama ambazo binadamu wametapakaa katika nyota na vita havikomi.

Kitabu cha kwanza, Rogue Trader, kiliandikwa na Rick Priestley na kutolewa mwaka 1987. Anayekifungua leo akitarajia mchezo wa mashindano hukuta kitu kingine kabisa. Mezani alitakiwa awepo mtu wa tatu, msimamizi asiye na jeshi la kushindania, ambaye ndiye aliyekitayarisha kisa cha pambano, akajua nia za pande zote mbili, na kuamua kila jambo ambalo kanuni hazikulitaja. Kisa cha mfano kilichomo kitabuni ni mapambano ya shambani: mabaki ya kikosi cha Space Marine, yaani askari bingwa wa binadamu, wa jeshi la Crimson Fists dhidi ya kundi la Maork, viumbe wa kijani wapenda vita, wanaoongozwa na Thrugg, kila upande ukiwa na maelezo yake ambayo mpinzani hapaswi kuyaona. Kitabuni mlikuwamo pia majedwali ya kubuni visa vipya, viumbe, sayari na silaha kwa kutupa dadu. Kwa kuwa sanamu za kuonyesha vitu hivyo vyote hazikuwepo madukani, watu walitengeneza za kwao. Gazeti la kampuni yenyewe, White Dwarf, liliwafundisha wasomaji namna ya kuunda kifaru kinachoelea kutokana na kopo la dawa ya kwapa, jambo ambalo wapenzi wa zama hizo hulitaja mpaka leo. Nadhani wanafanya haki kulitaja. Kampuni inayouza sanamu inapomwambia mteja wake achukue kopo tupu la bafuni, imemkabidhi sehemu ya mchezo.

Toleo la pili lilikusanya kanuni zilizotawanyika na kuziweka ndani ya sanduku moja lenye Space Marine 20, Maork 20 na Gretchin 40, ambao ni viumbe wadogo wanaowatumikia Maork. Utamu wake ulikuwa katika uzito wa kila tukio dogo. Chukua askari wa deraya nzito aitwaye Terminator. Kwa askari wa kawaida hutupwa dadu moja kuona kama deraya imemwokoa, lakini kwa huyu zilitupwa mbili, na jumla ya 3 au zaidi ilitosha. Katika matokeo 36 yanayowezekana ni moja tu lililomuua. Akipigwa na mzinga wa leza uitwao lascannon, uliopunguza alama 6, alihitaji jumla ya 9, yaani nafasi 10 kati ya 36. Ni nafasi finyu, lakini ipo, na meza nzima hunyamaza dadu zinapobingirika. Katika toleo la tatu, kama lilivyotoka mwaka 1998, mzinga huo huo ulilipuuza deraya hilo moja kwa moja. Hapakuwa na dadu ya kutupa; sanamu iliondolewa mezani. Anayesema kwamba hapo kuna kitu kilichopotea, huyo hakioni kwa macho ya utotoni. Anaeleza tofauti inayopimika kati ya kanuni mbili.

Upande wa pili nao una vipimo vyake. Katika toleo hilo hilo la pili, mapigano ya ana kwa ana yalihesabiwa askari mmoja mmoja: kila mpiganaji alitupa dadu zake, akachukua iliyo juu kabisa, akaijumlisha na ustadi wake, akaongeza ziada za hapa na pale, kisha tofauti kati yake na adui ndiyo iliyotoa idadi ya mapigo. Baina ya mashujaa wawili hesabu hiyo inasisimua. Maork 20 wanapokivamia kikosi cha Space Marine 10, inakuwa kazi ya ofisini, na jioni nzima yaweza kwisha kabla majeshi hayajafika zamu ya mwisho. Kulikuwa pia na kadi za mbinu, na mojawapo ilikuwa ya mlipuko wa virusi, ambayo iliweza kufyeka sehemu kubwa ya jeshi la Maork kabla mwenye jeshi hajasogeza hata sanamu moja. Mtu amepaka rangi kwa miezi, amesafiri na sanduku lake, kisha anaziondoa sanamu mezani kabla ya kuanza. Vikundi vingi viliafikiana kuiweka kando kadi hiyo. Wapenzi wa kale huyachukua maafikiano hayo kuwa ushahidi wa uungwana wa zama zile, lakini yanashuhudia vilevile kwamba kanuni zilikuwa na kasoro ambayo wachezaji waliachiwa wairekebishe wao.

Kwa toleo la kwanza hali ilikuwa ngumu zaidi. Kanuni mpya ziliendelea kutoka gazetini na katika vitabu vya nyongeza, kiasi kwamba Maork peke yao walipewa vitabu vitatu kati ya mwaka 1990 na 1991. Aliyekuwa na kabati la magazeti alicheza mchezo mmoja, na jirani yake aliyenunua kitabu cha kwanza pekee alicheza mwingine. Naliona hili kuwa pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu uhuru unaosifiwa wa zama zile uliwafaa zaidi waliokuwa na marafiki wenye subira, muda, na mtu mmoja wa kuaminika aliyekubali kukaa jioni nzima akiwahudumia wengine bila yeye mwenyewe kucheza. Mgeni aliyeingia klabuni bila kumfahamu mtu hakuupata uhuru huo. Aliukuta mlango umefungwa kwa desturi asizozijua. Toleo la tatu, pamoja na ukavu wake, liliwawezesha watu wawili wasiojuana kukutana na kumaliza pambano la majeshi makubwa bila kugombana, na wengi walioupenda mchezo huu waliingia kupitia mlango huo.

Kwa nini basi watu wanarudi? Tangu miongo ya karibuni kumekuwa na wachezaji wanaojiita Oldhammer, ambao hukusanya sanamu za miaka ya 1980 na kuzitumia kwa kanuni za wakati huo, msimamizi akiwepo. Baadhi yao bila shaka wanatafuta umri wao wa miaka 12, na hakuna aibu katika hilo. Lakini ipo sababu nyingine isiyohusiana na umri: toleo la kale limekamilika. Toleo la nane lilitoka mwaka 2017, la tisa mwaka 2020, la kumi mwaka 2023, na kila mara, kwa ghafla au hatua kwa hatua, vitabu vya majeshi vilivyonunuliwa kwa pesa nyingi vikapoteza kazi yake, huku alama za thamani ya vikosi na kanuni zikirekebishwa hata katikati ya toleo. Sisi tuliokulia karibu na bao tunaielewa haraka hasara hii, kwa maana mchezaji wa bao anayejifunza namna ya kunamua kwa wazee wake hatarajii kuambiwa baada ya miaka mitatu kwamba alichofundishwa kimefutwa. Ustadi wake ni mali yake. Mwenye sanduku la mwaka 1993 naye ana mali ya namna hiyo, na hakuna tangazo linaloweza kumpokonya.

Wanaotetea matoleo mapya hujibu kwamba mchezo usiobadilika hautibiki pia, na kwamba kadi ile ya virusi ingekuwa leo ingerekebishwa ndani ya wiki chache. Ni kweli. Husema vilevile kwamba mali isiyo na wa kucheza naye ni pambo la kabati, na hilo nalo ni kweli katika miji ambayo wachezaji wake ni wachache. Nisichokubaliana nacho ni dhana iliyojificha chini ya majibu haya, kwamba kila badiliko ni tiba. Mwendo wa askari uliondolewa mwaka 1998 kwa ajili ya wepesi, karibu wote wa miguu wakaenda inchi 6, kisha ukarudishwa kwa ajili ya ladha. Hatua zote mbili zilitangazwa kuwa maendeleo, nazo zilielekea pande zilizo kinyume.

Kampuni yenyewe imeitambua nguvu ya kumbukumbu. Mwaka 2022 ilitoa upya, katika plastiki, deraya ya Space Marine yenye kofia ya mdomo wa ndege, ile ile iliyokuwa katika sanduku la askari 30 la mwaka 1987. Mwaka huo huo watu wafupi walioitwa Squat, ambao waliachwa miaka ya 1990, walirudi kwa jina la Leagues of Votann. Sanamu hizo ni nzuri, na furaha ya waliozipokea ni ya kweli. Lakini zinarudisha umbo, wakati ambapo hoja nzito zaidi ya wapenzi wa kale inahusu mamlaka: nani anaamua kilichopo mezani. Utaratibu wa Crusade, ulioletwa na toleo la tisa, ulisogea karibu zaidi, kwa kuwa vikosi hupata uzoefu, hujeruhiwa na kubeba historia kutoka pambano moja hadi jingine. Hata hivyo historia hiyo hutoka katika majedwali ya kitabu, na kitabu hicho nacho hupitwa na wakati pamoja na toleo lake.

Kwa maoni yangu, kanuni za mwaka 1987 na 1993 hazihitaji kufufuliwa zima zima, na anayezisifu bila kuzitaja hesabu zake ndefu hawatendei haki wanaojifunza leo. Kinachostahili kurudi ni kiti cha mtu wa tatu. Sanamu za toleo la kumi zinaweza kuwekwa shambani, Maork wakaja kutoka upande mmoja, maelezo ya siri yakaandikwa kwenye karatasi mbili zilizokunjwa, na msimamizi akaamua kama ukuta wa ghala unahimili kombora. Hakuna kanuni yoyote ya sasa inayolikataza pambano la namna hiyo. Ni kwamba tu vitabu haviuweki tena mchezo wa namna hiyo mbele kama zamani.