Adré: nani mwenye ufunguo wa mpaka?

Kutoka Adré, kimji cha mashariki mwa Chad, hadi El Geneina, mji mkuu wa Darfur Magharibi, ni kama kilomita 30 tu, yani Ubungo na Kibaha hivi. Kutoka Port Sudan, bandari ya Sudan kwenye Bahari ya Shamu, hadi hapo hapo El Geneina ni zaidi ya kilomita 1,500, na katikati kuna watu wanapigana. Sasa mwezi Februari 2024 serikali ya Sudan ikaiambia UN kwamba ruhusa ya kupitisha misaada Adré basi, imefutwa. Ikakaa hivo hadi Agosti. Tarehe 1 Agosti wataalamu wakatangaza kwamba kambi ya waliokimbia makazi yao ya Zamzam, karibu na El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, imeingia baa la njaa, tarehe 15 serikali ikasema haya fungueni kwa miezi mitatu, na siku chache baadaye malori ya kwanza yakavuka.

Hili jambo nimebishana nalo na watu wengi na karibu kila mtu anakuja na jibu lake mfukoni. Mmoja anasema jeshi la serikali, la Jenerali Burhan, linatumia njaa kama silaha, mwingine anasema hao wa misaada ndo wanaopitisha bunduki za RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi hilo, chini ya magunia, kwa hiyo nchi ina haki ya kufunga mlango wake. Mimi naona wa pili ana hoja nzito kuliko watu wanavyompa, ila hoja yake ikifika Adré inakosa pa kusimama. Nitaeleza.

Vita vya jeshi na RSF vilianza Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023, mwisho mwisho wa Ramadhani. Siku hiyo hiyo ya kwanza wafanyakazi watatu wa WFP, shirika la chakula la UN, waliuawa Kabkabiya, Darfur Kaskazini, shirika likasimamisha kazi hadi mwanzoni mwa Mei. Mashirika karibu yote yalikuwa yameweka ofisi kuu, maghala na mabosi wao Khartoum, na Khartoum ndo iliyowaka kwanza, uwanja wa ndege ukiwemo. Kwa hiyo wiki zile ambazo uratibu unahitajika kuliko wakati wowote, waratibu wenyewe walikuwa wanakimbia, wengine Port Sudan, wengine wamefika Nairobi wanaendesha Darfur kwa simu. Mkuu wa misaada wa UN wakati huo, Martin Griffiths, alipofika Port Sudan mwanzoni mwa Mei akaambiwa malori sita ya WFP yaliyokuwa yanaelekea Darfur yameporwa njiani. Hapo ndipo mtu yeyote mwenye ramani angeona kwamba Darfur haitalishwa kutokea Bahari ya Shamu, italishwa kutokea Chad.

Afu ikaja Juni. Mauaji ya watu wa kabila la Wamasalit, yaliyoanza Aprili huko El Geneina, yakazidi, gavana wa Darfur Magharibi Khamis Abakar akauawa tarehe 14 baada ya kusema kwenye televisheni kwamba watu wake wanamalizwa, na waliobaki wakaifuata ile njia ya kilomita 30. Adré ulikuwa mji wa watu kama 40,000. Ndani ya siku tatu hospitali pale, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wanasaidia, ilipokea majeruhi zaidi ya 800, wengi wa risasi, wameletwa juu ya punda, kwenye mikokoteni, mgongoni. Hakuna aliyeulizwa kibali. Mpaka wenyewe pale hata huwezi kuuona vizuri, ni uwanda wa vumbi na mikokoteni ya punda inapita huku na huku siku nzima, mama anavuka kwenda kuangalia shamba anarudi jioni. Miezi minane baadaye majeruhi bado anavuka, mfanyabiashara wa sukari bado anavuka, lori la UN lenye mtama ndo haliruhusiwi.

Sasa tuisikilize Port Sudan, ambako serikali ilihamia vita vilipoanza, na tuisikilize kwa makini. Kwanza sheria. Azimio 46/182 la Baraza Kuu la UN, la mwaka 1991, ambalo ndo msingi wa mfumo mzima wa misaada, linasema msaada utolewe kwa ridhaa ya nchi husika. Hilo halikuwekwa na madikteta peke yao, nchi nyingi changa zililitaka kwa sababu zilijua mkubwa akipewa ruhusa ya kuvuka mpaka bila kubisha hodi kwa jina la huruma, kesho atavuka kwa jina lingine. Pili, silaha. Huko huko Chad, kaskazini zaidi, kuna uwanja wa ndege wa Amdjarass, Imarati (Falme za Kiarabu) wakafungua hospitali pale kuhudumia wakimbizi, na ndege za mizigo zikaanza kushuka kwa wingi. Wataalamu wa UN wanaofuatilia vikwazo vya Darfur waliandika Januari 2024 kwamba madai ya silaha kupitia pale kwenda RSF yanaaminika. Imarati wanakanusha hadi leo. Lakini ungekuwa wewe ni jenerali unapigwa Darfur, na adui yako anapata mzigo kutoka nchi ile ile inayotaka kukuletea malori ya unga, ungelala? Mimi nisingelala.

Ila tazama hapo hapo. Kama mzigo ulipita, ulipita kwa ndege na kwa njia za jangwani zinazojulikana na wafanyabiashara tangu enzi, haukuhitaji kupanga foleni Adré nyuma ya lori lenye nembo ya WFP linalokaguliwa na kila mtu. Ng'ambo ya pili pale ni RSF wenyewe wanashikilia, kwa hiyo serikali ilikuwa inafunga mlango wa nyumba ambayo haiko mkononi mwake, na aliyetii ni mmoja tu, UN. Mashirika kadhaa yasiyo ya serikali yaliendelea kuvuka hapo hapo Adré, kwa uchache wao. Bunduki hazikungoja kibali. Mtama ndo uliongoja.

Serikali itasema tuliwapa Tine badala yake. Kweli, Machi 2024 walikubali njia ya Tine, mpaka mwingine wa Chad na Darfur, kaskazini zaidi. Mvua zilipoanza ile njia ikageuka tope na mito ya msimu, malori yakakwama, na kila anayeijua Darfur alijua yatakwama.

Basi UN wangevuka tu? Hapa ndo watu wengi wa upande wangu wanaongea kirahisi. Hadi Agosti 2024 mamilioni ya waliokimbia makazi yao walikuwa pia upande wa jeshi, Kassala, Gedaref, Port Sudan yenyewe, na huko kibali cha kila gari, kila viza, kila safari kinatoka serikalini. Ukiikaidi serikali Adré, inaweza kukufungia Kassala. Na si tishio la mdomo, Juni 2023 walimkataa mjumbe maalum wa UN, Volker Perthes, na Oktoba 2025 wakawafukuza maofisa wawili wakubwa wa WFP. Kwa hiyo yule bosi wa UN anayeonekana mwoga kwenye televisheni, kichwani anapiga hesabu ya watu wa huku dhidi ya watu wa kule. Mimi naona hesabu aliikosea, kwa sababu baa la njaa lilikuwa Darfur, halikuwa Kassala, lakini siwezi kusema hakuwa na hesabu. Syria walilitatua Baraza la Usalama kwa azimio 2165 la mwaka 2014, malori yakavuka bila ridhaa ya Damascus, na bado Urusi na China wakawa wanaziba mlango mmoja baada ya mwingine hadi ukabaki mmoja, na Julai 2023 Urusi ikaupigia kura ya turufu nao.

Sisi huku tuna kumbukumbu yetu, na nashangaa haitajwi. Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya. Wazee wa malori wanaita Loki tu. Mwaka 1989 UN ilikaa na serikali ya Khartoum na SPLA, waasi wa kusini, pia, wote wawili, ikaanzishwa operesheni ya kulisha Sudan Kusini, na kale kamji ka Turkana kakawa uwanja wenye ndege nyingi kuliko miji mikubwa, ndege za mizigo za Hercules zinapaa asubuhi zimejaa magunia ya mahindi zinaenda kuyadondosha vijijini, na jirani yake Lopiding hospitali ya Msalaba Mwekundu inakata miguu ya watu waliokanyaga mabomu. Uzuri wake ni kwamba mpiganaji asiye na kiti UN naye alitia saini, hata mwaka 1995 yakaandikwa masharti ya wazi aliyotakiwa kuyafuata. Ubaya wake, Khartoum ilibaki na haki ya kusema ndege hii isishuke hapa. Februari 1998 wakazuia ndege Bahr el Ghazal na mwaka huo watu wakafa njaa kwa maelfu. Na SPLA nao hawakuwa malaika, chakula kilikuwa kinashushwa, ndege ikiondoka wanakijiji "wanachangia" jeshi. Sasa anayesema fungua mpaka kila kitu kitakuwa sawa, akaulize Loki.

Maana kilomita ya 31 ndo yenye shida. Lori likishatoka Adré linaingia kwa RSF, ambao Agosti 2023 walianzisha ofisi yao ya misaada, kwa hiyo dereva anatembea na karatasi za tume ya misaada ya serikali na karatasi za RSF, na kwenye kila kizuizi anabahatisha atoe ipi kwanza. Akikosea, mzigo unashushwa. Desemba 2023 RSF walipoingia Wad Madani, katikati mwa Sudan, walilipora ghala la WFP lenye chakula cha kutosha watu karibu milioni 1.5 kwa mwezi mzima.

Na wakati wote huo waliokuwa wanalisha watu kweli kweli ni vijana wa mitaa, vyumba vya dharura wanavyoviita, waliotokana na kamati za mitaa zilizokuwa zikiandaa maandamano kabla ya vita. Sufuria kubwa uani, moto wa kuni, dengu au ful (maharagwe), foleni ya watoto na mabakuli. Pesa inatoka kwa Msudani aliyeko Riyadh au London, inaingia kwenye simu kwa aplikesheni ya benki iitwayo Bankak, kijana anamlipa mwenye duka, jioni watu wamekula. Hakuna lori, hakuna mhuri. Februari 2024, mwezi ule ule Adré ilipofungwa, mtandao ukakatika karibu nchi nzima na mamia ya majiko yakazima Khartoum kwa sababu tu hela haikuweza kusoma. Uratibu wa kwanza uliopaswa kuokolewa ulikuwa huo, kabla hata ya malori, na ulikuja kukumbukwa mwishoni.

Jirani naye ana lake. Chad inayopokea wakimbizi ndo inayotuhumiwa Amdjarass. Kenya ilitaka kuongoza usuluhishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, serikali ya Sudan ikaikataa, afu Februari 2025 RSF na wenzao wakatia saini mkataba wao Nairobi na Sudan ikazuia bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, chai ambayo Wasudani waliipenda kweli. Ukishaonekana una upande, ghala lako la misaada nalo linahesabiwa lina upande.

Tangu Agosti 2024 kibali cha Adré kimekuwa kikiongezwa kwa vipindi vifupi, na kila mwisho wa kipindi ukikaribia watu wanaanza kubembelezana upya. Shehena nyingi ya upande ule hushushwa bandari ya Douala, Cameroon, inavuka nchi mbili na zaidi ya kilomita 2,000 ndo ifike Adré, na miezi ya mvua hata usiseme. Piga hesabu ya kununua, meli, bandari, barabara. Mtama unaoagizwa leo utafika mpakani chini ya kibali ambacho hakijaandikwa bado.